Kabichi ya Sokoni, Kabichi ya Jikoni: Mafunzo Niliyopata Bustanini

Nalima mboga Lushoto, kwenye mabonde ya Usambara, ambako baridi huifanya kabichi ifunge vizuri.

1. Mjue mlaji kabla ya kununua mbegu. Kabichi zangu za biashara husafiri kwa lori hadi Dar es Salaam, zimelaliana usiku kucha. Huko mchuuzi huuza kwa kichwa, hapimi kilo, na mteja huibonyeza kwa kidole gumba kabla ya kutoa pesa. Kwa safari hiyo napanda Gloria F1, yenye kichwa kigumu na majani mazito ya nje yanayopokea michubuko. Ugumu huo siutaki jikoni. Nyumbani napenda Sugar Loaf, ile iliyochongoka: majani yake ni laini, yana utamu, na hayahitaji kukaa sana motoni.

2. Kukomaa kwa pamoja ni faida ya biashara tu. Chotara kama Gloria F1 hukomaa karibu wakati mmoja, lori likajaa. Copenhagen Market, mbegu ya kawaida na ya bei nafuu, hupishana zaidi, kwa hiyo familia huchuma kidogo kidogo. Lakini iliyokomaa isiachwe shambani mvua zikianza, kwani hupasuka.

3. Nafasi huamua ukubwa. Sentimita 60 kwa 60 hutoa vichwa vikubwa. Ukibana hadi 45 kwa 45 unapata vidogo vya mlo mmoja, na wateja wa mjini wenye familia ndogo huvipenda.

4. Uozo mweusi ndio adui ninayemhofia kuliko wote. Huanzia ukingoni mwa jani kwa umanjano wenye umbo la V, kisha mishipa huwa myeusi. Bakteria wake husafiri ndani ya mbegu, huruka na matone ya mvua, na hubaki kwenye mabaki ya mazao. Pakiti ikisema aina fulani inastahimili, elewa kwamba inachelewesha madhara, haijakingwa. Kwa hiyo nazungusha mazao: baada ya kabichi naweka maharage au karoti, kamwe si sukuma wiki wala koliflawa, kwa sababu ni ndugu zake na huugua ugonjwa uleule.

5. Mbegu za chotara hazirudiwi. Watoto wake hutoka mchanganyiko.

6. Aina mpya naipa tuta moja tu kwanza, kando ya ile niliyoizoea, kwa mbolea na maji yaleyale. Msimu wa mvua nairudia tena, maana aina inayopendeza kiangazi inaweza kuoza masika.