Kocha, Bangi Isikanyage Uwanja wa Watoto

Haya yanawahusu makocha wa timu za watoto mitaani, wanaojitolea na wanaolipwa. Wengi wao ni watu wa kushukuriwa. Lakini wapo wanaofika mazoezini wamelewa bangi, na sisi wazazi tunanyamaza kwa kuwa timu inashinda.

USIFANYE

Usivute kabla ya mazoezi. Bangi huchelewesha maamuzi na kuvuruga makadirio ya muda na umbali. Watoto wawili wakigongana vichwa, ni wewe wa kuamua nani atoke. Mlevi hana haki ya kuamua hilo.

Usivute nyuma ya goli, wala ndani ya gari la timu, wala baada ya mechi watoto wakiwa bado wanavua viatu. "Mazoezi yameisha" si utetezi. Kwao wewe ni kocha hadi wafike nyumbani.

Usimtume mtoto. Hili ndilo ovu kuliko yote. Ukimtuma wa miaka 11 akakuchukulie kete, umemwonyesha njia, bei na sura ya muuzaji. Siku utakayoacha kumtuma, anaweza kwenda mwenyewe. Na polisi wakitokea, kete iko mfukoni mwake, wewe umekaa kivulini na filimbi yako.

Usiwadanganye kwamba bangi inaongeza pumzi au inaondoa woga. Isitoshe, WADA, shirika linalopambana na dawa zisizoruhusiwa michezoni, limeipiga marufuku wakati wa mashindano. Mwaka 2021 mkimbiaji Sha'Carri Richardson alishinda mita 100 kwenye mchujo wa Olimpiki wa Marekani, akapimwa, akakutwa na bangi mwilini. Matokeo yakafutwa, akafungiwa mwezi mmoja, akaikosa Tokyo. Aliitumia akiwa Oregon, jimbo ambalo sheria yake inawaruhusu watu wazima kuvuta, na bado haikumsaidia. Tanzania hairuhusu kabisa: Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 inamhusu kocha kama mtu mwingine yeyote.

FANYA

Njoo na akili timamu, la sivyo mwachie msaidizi wako timu siku hiyo.

Ukiona huwezi kuacha, omba msaada. Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ina namba ya bure, 119. Kutibiwa si aibu. Aibu ni kuendelea kufundisha watoto wa watu katika hali hiyo.

Kiongozi wa timu, ukithibitisha kwamba kocha anafanya haya, mwondoe siku hiyohiyo, hata kama kesho ni fainali. Kombe litachezwa tena mwakani.

Mzazi, fika uwanjani bila kutoa taarifa. Mtoto akikusimulia alichokiona, msikilize hadi mwisho, usimpige wala usimwite mchongezi. Amefanya jambo gumu. Kisha piga 116, namba ya bure ya huduma kwa mtoto, au nenda dawati la jinsia na watoto kituo cha polisi. Usisubiri ligi iishe.