Masomo ya Muhula wa Kwanza wa Bioteknolojia

Mwanafunzi wa Mtumba aingiaye Chuo Kikuu kusomea bioteknolojia huvutwa na jenetiki, na kuiona takwimu kuwa mzigo. Natutazame Makutupora, hapa Dodoma, ambako mwaka 2016 yalipandwa kwa majaribio mahindi yaliyotiwa jeni ya bakteria ili yastahimili ukame. Udongo wa shamba haulingani: upande mmoja hushika maji, mwingine hukauka. Je, mmea uliostawi umesaidiwa na jeni au na unyevu? Jibu hupatikana kwa takwimu: shamba hugawanywa vipande vingi, kila kipande hupewa mbegu yake kwa kura, kisha wastani wa mavuno hulinganishwa. Basi takwimu ichukuliwe kwanza, pamoja na kemia (jenetiki haikimbii). Kemia ndiyo ielezayo kwa nini DNA, yenye chaji hasi, huvutwa na ncha chanya ya umeme maabarani.