Usimwache Alale: Somo Juu ya Pombe Inayopofusha

Likizo moja mjomba wangu alirudi usiku kutoka kwa mama pima. Kesho yake aliamka akilalamikia kichwa na kutapika. Akasema ati nyumba imejaa ukungu, na nje jua lilikuwa linawaka! Nyanya akasema, "Ni pombe haijamtoka. Mwacheni alale." Tukamwacha. Kufikia jioni alikuwa akipapasa ukuta kuutafuta mlango. Siku hizi mimi ndiye humshika mkono tukienda sokoni.

Niliporudi shuleni nilimwuliza mwalimu wetu wa kemia, naye akanifumbua macho. Kuna alkoholi mbili zilizo kama ndugu. Ethanoli ndiyo iliyomo katika bia na busaa. Nayo si malaika, huharibu ini polepole. Methanoli hutumiwa viwandani, kwa mfano kuyeyushia rangi. Zote mbili ni angavu kama maji, hivyo mnywaji hawezi kuzipambanua. Wauzaji wenye tamaa huitia methanoli katika chang'aa ili iwe kali.

Ini huigeuza methanoli kuwa asidi ya fomiki, na asidi hii ndiyo inayoharibu neva za macho. Lakini sumu haijitokezi papo hapo. Aghalabu huchukua saa 12 hadi 24. Katika muda huo hospitali yaweza kumpa mgonjwa dawa ya kulizuia ini lisifanye kazi hiyo, au kumsafisha damu kwa mashine. Kumbe sisi tuliupoteza muda huo tukingoja usingizi umponye!

Wala si mjomba peke yake. Novemba 2000, kumi kumi iliua watu zaidi ya 100 katika mitaa ya Mukuru, Nairobi, na wengine wakapofuka. Mei 2014 msiba ukabisha hodi Embu na kwingineko. Februari 2024 ikawa zamu ya Kirinyaga.

Basi ndugu msomaji, ukimwona mlevi anatapika, anapumua kwa kasi au anaona ukungu, usimwache alale. Mkimbize hospitalini, na useme wazi alichokunywa. Usione haya, kwani mficha maradhi kifo humuumbua. Laiti ningalijua haya likizo ile!