Mugongo unauma: siku gani hatungoji kesho?

Ndugu wafanyakazi, kila juma wengi wanakuja dispanseri wakishika kiuno. Mumoja ameinua chuma kizito, mwingine ameendesha kamyo muchana kutwa juu ya barabara ya mashimo. Mara nyingi ni misuli tu imevutika. Maumivu hayo yanaweza kuwa makali, mutu hawezi hata kufunga viatu, lakini yanapungua pole pole katika majuma machache. Dawa ya maumivu uliyopewa, kitambaa cha moto, na kutembea kidogo kidogo vinatosha. Kulala kitandani juma zima kunakaza mugongo zaidi.

Sasa sikilizeni vizuri. Si ukali wa maumivu unaotuonyesha hatari. Tunatazama yale yanayokuja pamoja nayo.

Kwanza mukojo. Ndani ya mifupa ya mugongo inapita mishipa ya fahamu, na kule kiunoni inatawanyika kama mukia wa farasi. Ndiyo inayoamuru miguu, kibofu, haja kubwa na nguvu za kiume. Kati ya mifupa kuna visahani laini; kimoja kikitoka mahali pake kinaweza kuibana yote. Hapo mutu anasikia ganzi katikati ya mapaja, sehemu inayogusa kiti cha baiskeli. Anajipangusa chooni bila kusikia kitu. Kibofu kinajaa na mukojo hautoki, au unatoka wenyewe. Miguu inalegea. Huyu aende hospitali usiku huo huo! Munganga mupasuaji anahesabu saa, si siku. Tukichelewa, mutu anaweza kubaki na mupira wa mukojo maisha yote. Na maumivu yakipungua huku ganzi inaongezeka, usidhani umepona.

Wanaume wengi wanaficha jambo hili. Wanasema "mugongo tu", kwa sababu muuguzi ni binti, au mukwe amekaa karibu. Mama wa nyumba, ukiona bwana anarudi chooni mara kwa mara bila kukojoa, umuulize. Sisi tumezoea kusikia mambo hayo, hatucheki mutu.

Halafu ajali. Aliyeangukiwa na jiwe mugodini au aliyeanguka kutoka ngazi asisimamishwe, wala asipakiwe juu ya pikipiki. Najua huruma inasukuma watu kumuinua kwa makwapa. Kama mawe hayaendelei kuanguka, acheni alale, shikeni kichwa kisigeuke, muite watu wa usalama na machela. Wanamugeuza wote pamoja, kama gogo.

Mugongo na homa: vidudu vinaweza kuwa katika figo au ndani ya mifupa, kwa hiyo uje siku hiyo. Kifua kikuu pia kinakula mifupa ya mugongo. Mutu anaumwa majuma mengi, anatoka jasho usiku, anakonda. Asipoteze wakati kwa kukandwa na kukanyagwa mugongo mpaka miguu ikatae.

Maumivu ya ghafula kama ya kupasua, mugongoni, kifuani au tumboni, pamoja na jasho baridi au kizunguzungu, yanaweza kutoka kwa moyo au mushipa mukubwa wa damu. Gari la wagonjwa, mara moja.

Ukifika usiku, usiseme "mugongo" halafu unyamaze. Sema: sijakojoa tangu saa fulani, ganzi iko hapa, muguu huu hauinuki. Tutaandika saa hiyo kwenye karatasi yako na kumuamusha munganga wa zamu.