Mabingwa Watatu wa Mwaka 1909: Nani Alishinda Kweli?

Vijana wenzangu, wengi mmeshasikia habari za Notre Dame, kile chuo kikuu cha Kikatoliki kule Indiana, Marekani, kilichoanzishwa mwaka 1842 na Padre Edward Sorin pamoja na mabruda wa Shirika la Msalaba Mtakatifu. Kwa mpira wa Kimarekani, ule wa kukimbia nao mkononi, jina lao ni kubwa mno. Leo tuangalie enzi walipokuwa bado wadogo, maana kuna swali ndani yake: hivi bingwa anapatikanaje?

Hebu tuanze na ligi. Mwaka 1896 vyuo vikuu saba vya eneo la Chicago na jirani zake viliunda Western Conference, ambayo siku hizi inaitwa Big Ten. Ratiba ya kila timu kukutana na kila timu haikuwepo. Kila chuo kilijipangia wapinzani, mwisho wa msimu watu wanatazama nani hajafungwa. Mwaka 1901 Michigan na Wisconsin walimaliza bila kupoteza mchezo hata mmoja, na wao kwa wao hawakukutana. Basi, wote wawili wakaandikwa mabingwa. Ungefanyaje?

Mwaka 1909 mambo yalizidi kuchanganyika. Minnesota walishinda michezo yao yote ya ligi, wakachukua ubingwa. Lakini tarehe 20 Novemba walifungwa na Michigan, 15 kwa 6. Ubingwa haukuguswa, kwa sababu Michigan walikuwa wamejitoa kwenye ligi baada ya kutokubaliana na kanuni mpya za mwaka 1906. Kwa hiyo kwenye karatasi bingwa ni Minnesota, na aliyempiga bingwa yuko nje ya karatasi. Michigan wakajiita mabingwa wa Magharibi. Ukiwa shabiki wao, utawalaumu?

Ngoja kwanza. Wiki mbili kabla ya hapo, tarehe 6 Novemba, Notre Dame walikuwa wamekwenda Ann Arbor, nyumbani kwa Michigan. Hao Michigan ndio waliowafundisha kuucheza mchezo huu mwaka 1887, halafu wakawafunga siku hiyohiyo. Tangu hapo walikuwa wamekutana mara nane, na mara zote nane mwalimu alimshinda mwanafunzi. Hata kocha wa Notre Dame, Frank Longman, alikuwa mchezaji wa zamani wa Michigan chini ya kocha Fielding Yost. Siku ile mwanafunzi alishinda, 11 kwa 3. Notre Dame wakamaliza msimu bila kufungwa, wametoka sare moja tu, na Marquette, chuo cha Wajesuiti. Nao wakasema: mabingwa wa Magharibi ni sisi.

Yost akajibu kwamba wao mchezo ule waliuchukulia kama mazoezi tu.

Hapo ndipo mimi naona tatizo lenyewe. Kubishania kombe ni jambo la kawaida, na kila mmoja kati ya hao watatu alikuwa na hoja yake ya kweli. Ila neno "mazoezi" halibishanii hesabu. Linamwambia mwenzako kwamba jasho lake halikuwa kitu, na kwamba kama angefungwa yeye, ungehesabika kuwa mchezo. Jiulize, wangeshinda Michigan siku ile, wangeuita mazoezi?

Mwaka uliofuata walipanga kukutana tena. Ukazuka ubishi kuhusu wachezaji wa Notre Dame, kama walikuwa na sifa za kucheza au la, na mechi ikafutwa dakika za mwisho. Uhusiano ukakatika kabisa kwenye mpira huo. Walikuja kukutana tena mwaka 1942, miaka 33 baada ya ule ushindi. Michigan walishinda, 32 kwa 20, na safari hii hakuna aliyesema ni mazoezi. Vijana wa 1909 walikuwa tayari na miaka hamsini na kitu.