Utepe Ukisoma Nyekundu: Zahanati na Ustawi wa Jamii Washirikiane

Mhudumu wa afya ya jamii hupima mkono wa mtoto wa miezi 6 hadi 59 kwa utepe wa rangi. Kijani ni salama. Manjano, kuanzia sentimita 11.5 hadi chini ya 12.5, ni onyo. Nyekundu, chini ya 11.5, ni utapiamlo mkali: mtoto apelekwe kituo cha afya mara moja.

Huko hupewa chakula tiba hadi apate nafuu. Lakini akirudi kwa nyanya asiye na unga jikoni, utepe unaweza kusoma nyekundu tena.

Afya ya vijijini husimamiwa na kaunti. Inua Jamii ni mpango wa serikali ya kitaifa. Kwa hivyo mhudumu asiishie zahanati. Amjulishe chifu na afisa wa ustawi wa jamii, waangalie kama nyanya ametimiza miaka 70, au analea yatima, au nyumbani kuna mwenye ulemavu mkubwa. Akistahili, asaidiwe kujisajili. Kitambulisho kiwe tayari.

Familia isiyomjua mhudumu wake iulize katika zahanati iliyo karibu.