UNAITWA MGENI? SOMA HAPA!

Kijana, hebu nikuulize: kwenu ni wapi? Wapo wenzako ambao swali hilo liliwachoma miaka mingi. Wazazi wao walikimbia mauaji ya Burundi mwaka 1972, wakapewa mapori ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu, wakafyeka, wakalima. Watoto wakazaliwa hapo hapo, Tanzania. Lakini kutoka nje ya makazi, sharti kibali! Unaitwa mkimbizi, na mpaka wenyewe hujawahi kuuona. Vyeti vya uraia wakaanza kukabidhiwa mwaka 2014. Miaka 42, ndugu yangu!

Sasa fungua Kutoka 2:22. Musa, naye mkimbizi kule Midiani, alipata mtoto akamwita Gershomu, jina la ugeni. Mtoto hakukimbia popote, lakini ugeni wa baba ukamwandama! Na Yesu je? Alikimbizwa Misri usiku, angali mtoto mdogo (Mathayo 2:14). Basi ukimwomba, usidhani atakudai kibali. Ugenini anakujua. Mwombe kwa Kirundi cha mama yako, au Kiswahili cha mtaani, anasikia tu.

Mahubiri yakiisha usiondoke haraka. Tupo pale karibu na jukwaa, njoo tuombe pamoja.